Mafuta ya haradali: kilichomo ndani ya punje na sababu ya lebo ya 'si ya kula'

Katika maduka ya vyakula vya Asia nchini Uingereza, yakiwemo yale ya eneo la Hodge Hill, mashariki mwa jiji la Birmingham, kuna mafuta ya rangi ya dhahabu yanayouzwa kwa chupa kama mafuta mengine ya kupikia. Lakini lebo yake huonya kwamba ni kwa matumizi ya nje ya mwili pekee.

Hayo ni mafuta ya haradali. Kwa mujibu wa lebo, ni mafuta ya kukanda mwili na kupaka nywele. Kwa mujibu wa desturi, ni mafuta ya kukaangia samaki, kuungia mboga na kutengenezea achari, na wengi wanaoyanunua huwa na jiko mawazoni.

Kati ya lebo na desturi hiyo kuna kiini kimoja cha kikemia kiitwacho asidi eruki. Kiasi chake si sawa katika kila mbegu ya haradali. Kuna aina ambazo karibu nusu ya mafuta yake ni asidi hiyo, na kuna aina ambazo karibu hazina kabisa. Lebo haielezi hayo, nayo ndiyo habari muhimu kuliko zote kwa mpishi.

Njia ya haradali hadi Birmingham

Hodge Hill ni jina la mtaa, na pia la jimbo la bunge ambalo tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2024 huitwa Birmingham Hodge Hill and Solihull North. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo la wakati huo walikuwa Waislamu. Familia nyingi zina asili ya Pakistan na Kashmir, na miongoni mwa majirani wao wamo Wasomali.

Wapo pia Birmingham watu wenye asili ya Asia waliopitia Afrika Mashariki. Ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901, ulileta Mombasa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab, ambako haradali ni zao la tangu kale. Wengi walirejea kwao. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, waliendeleza mapishi yao Nairobi, Kisumu na Kampala. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza.

Kwa wasomaji wengine wa Afrika Mashariki, jina la haradali limetoka kwanza katika vitabu vitakatifu. Injili na Kurani zote huitaja punje hiyo kuwa mfano wa kitu kidogo mno.

Punje ina nini?

Punje moja ya haradali ina uzito wa miligramu chache tu. Katika haradali ya kahawia ya Bara Hindi, ambayo wataalamu huiita Brassica juncea, mafuta huwa kati ya asilimia 35 na 42 ya uzito huo. Haradali nyeupe, ile inayosagwa kutengeneza kitoweleo cha njano cha mezani, ina mafuta machache zaidi, aghalabu kati ya asilimia 25 na 30.

Kiasi hicho hubadilika pia kwa hali ya hewa. Joto kali na ukame wakati punje inapojaa hupunguza mafuta, ilhali baridi ya wastani huyaongeza. Mkulima mwenye mbegu ileile anaweza hivyo kupata mavuno tofauti mwaka hadi mwaka.

Lakini wingi wa mafuta ni jambo moja, na muundo wake ni jambo jingine. Mafuta yote ya mimea ni mchanganyiko wa asidi za mafuta, ambazo ni minyororo ya kaboni yenye urefu mbalimbali. Asidi oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, ina kaboni 18. Asidi eruki ina kaboni 22.

Mmea wa haradali huanza kwa kutengeneza asidi oleiki. Kisha kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo FAE1 huongeza kaboni mbili, halafu mbili nyingine, mpaka mnyororo unafika 22. Jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi, mnyororo hubaki mfupi, na mafuta hujaa asidi oleiki na asidi linoleiki badala ya eruki.

Katika mafuta ya kawaida ya haradali ya Bara Hindi, asidi eruki huwa kati ya asilimia 40 na 50. Asidi oleiki ni kama asilimia 10 tu hadi 15, na linoleiki hukaribia kiasi hichohicho. Aina isiyo na eruki hugeuza hesabu hiyo: oleiki hupanda hadi asilimia 40 na zaidi, na linoleiki hufika theluthi ya mafuta yote. Kwa jicho, kwa pua na kwa ulimi mafuta hayo mawili hayatofautiani kwa sababu ya eruki. Ni maabara pekee inayoweza kusema, kwa kipimo kiitwacho kromatografia ya gesi.

Hapa ndipo wapishi wengi hukosea. Ule ukali unaopanda puani hautokani na asidi eruki. Unatokana na viini vingine, glukosinolati, ambavyo hugeuka kuwa dawa kali punje inaposagwa na kukutana na maji. Jikoni kuna desturi ya kuchemsha mafuta ya haradali mpaka yatoe moshi kabla ya kutia kitunguu, na wengine huamini kuwa kwa kufanya hivyo mafuta yamesafishika. Moshi huo huondoa ukali. Asidi eruki hubaki palepale ilipokuwa.

Panya wa maabara na sheria ya Ulaya

Wasiwasi ulianza kwa rapa, binamu wa haradali mwenye maua ya njano. Mwaka 1960 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya majaribio ya panya na nguruwe waliolishwa mafuta ya rapa, ambayo wakati huo yalikuwa na eruki nyingi. Misuli ya moyo ya wanyama hao ilionyesha madhara. Majaribio yaliyofuata katika nchi kadhaa yaliona matone ya mafuta yakijikusanya ndani ya misuli ya moyo ya panya wachanga siku chache tu baada ya kuanza kulishwa.

Sababu ni kwamba mnyororo wa kaboni 22 ni mgumu kwa moyo kuuchoma kama nishati. Ini husaidia kuufupisha kwanza, lakini ini la mnyama mchanga halijakomaa kwa kazi hiyo. Matone hayo hupungua kadiri muda unavyopita, hata mlo ukiendelea kuwa uleule. Panya, kwa bahati mbaya yao, ni dhaifu zaidi katika jambo hili kuliko wanyama wengine wengi.

Jumuiya ya Ulaya ilichukua hatua mwaka 1976. Iliamua kwamba kuanzia Julai 1977 asidi eruki isizidi asilimia 10 ya asidi zote za mafuta katika chakula, na kuanzia Julai 1979 isizidi asilimia 5. Uingereza ilitunga kanuni zake mwaka 1977. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliteremsha kiwango hadi asilimia 2 kwa mafuta ya mimea kwa jumla, lakini uliacha mafuta ya haradali kwenye asilimia 5. Sheria hiyo ilibaki Uingereza hata baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja huo.

Mafuta yenye asilimia 40 hayawezi, basi, kuuzwa kihalali kama chakula. Yanaweza kuuzwa kama mafuta ya kujipaka, kwa sababu sheria ya chakula haigusi kinachopakwa nywele. Hiyo ndiyo asili ya maandishi yaliyo kwenye chupa. Marekani nayo huzuia mafuta ya haradali yaliyokamuliwa kuingizwa nchini kama chakula, na huko pia chupa hizo zimezoeleka madukani zikiwa na onyo lilelile.

Ubaya wa mpango huu ni kwamba onyo linalosomwa na kupuuzwa kila siku huacha kuwa onyo. Mnunuzi aliyekuzwa kwa mafuta hayo huona lebo kuwa ni mambo ya forodha tu, na hakuna aliyemweleza vinginevyo.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilitoa tathmini yake. Ilisema mtu anaweza kula kila siku, maisha yake yote, miligramu 7 za asidi eruki kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake pasipo wasiwasi.

Mtu mzima wa kilo 60 anaruhusiwa kwa hesabu hiyo miligramu 420 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni takriban gramu 14. Ikiwa mafuta hayo yana eruki asilimia 42, kijiko hicho kina karibu gramu 6, yaani mara 14 ya kiwango. Gramu moja tu ya mafuta, isiyofika robo ya kijiko cha chai, inatosha kumfikisha mtu huyo kwenye ukomo wake.

Mtoto wa kilo 15 ana ukomo wa miligramu 105. Robo gramu ya mafuta hayo inatosha kuufikia.

Hata mafuta halali ya haradali yana hesabu yake. Yakiwa na eruki asilimia 5 kamili, kijiko kikubwa kina miligramu 700, ambazo zinazidi ukomo wa mtu mzima wa kilo 60. Sheria ya mauzo na ushauri wa afya ni vitu viwili, na havikukusudiwa kulingana.

Ni haki, hata hivyo, kusema kiwango cha EFSA kilipatikanaje. Wataalamu walichukua kiasi ambacho hakikuwadhuru panya wachanga wala watoto wa nguruwe, miligramu 700 kwa kila kilo ya mwili, wakakigawanya kwa 100 ili kuweka tahadhari. Kijiko kile cha mtu wa kilo 60 humpa takriban miligramu 100 kwa kilo. Kimevuka mno mstari wa tahadhari, lakini bado ni sehemu moja ya saba ya kiasi ambacho wanyama walikula bila kudhurika.

Kwa binadamu, madhara ya moyo yaliyoonekana kwa panya hayajathibitishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliolinganisha wagonjwa 350 wa moyo na watu wengine 700 katika miji ya New Delhi na Bangalore, uliona kwamba waliotumia mafuta ya haradali walikuwa na hatari ndogo zaidi ya ugonjwa wa moyo. Watafiti waliyahusisha matokeo hayo na asidi linoleniki, ambayo ni ya jamii ya omega-3 na imo kwa wingi katika haradali. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu, si chanzo na matokeo, na hausemi lolote kuhusu mtoto mchanga.

Asidi eruki imewahi pia kutumiwa kama dawa. Mafuta yanayojulikana kama mafuta ya Lorenzo, yaliyopata umaarufu kwa filamu ya mwaka 1992, ni mchanganyiko wa asidi oleiki na eruki uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye maradhi adimu ya kurithi ya mfumo wa fahamu. Baadhi ya waliopewa dozi hizo kubwa walipungukiwa na chembe za damu zinazosaidia kugandisha jeraha.

EFSA ilihitimisha kuwa hatari kwa watu wengi ni ndogo, ila ilieleza wasiwasi juu ya watoto wa hadi miaka 10 wanaokula kwa wingi vyakula vyenye asidi hiyo. Kwa mzazi mwenye jiko la haradali, hilo ndilo neno la kuzingatia.

Punje zima zinazokaangwa ili zipasuke na kunukisha dengu ni suala dogo zaidi. Kijiko cha chai cha punje, chenye gramu 3 hivi, huingiza takriban nusu gramu ya asidi eruki katika sufuria nzima, nayo hugawanywa kwa walaji wote.

Kuhusu kukanda watoto wachanga, jambo ambalo lebo yenyewe hairuhusu wala haikatazi, utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2002 uliona kuwa mafuta ya alizeti yaliharakisha kupona kwa ngozi iliyokwaruzwa, ilhali ya haradali yaliichelewesha. Ukali wa haradali huwasha ngozi laini.

Nusu ya punje

Kuitoa asidi eruki katika mafuta kwa kuyasafisha haiwezekani kirahisi. Njia ni kubadilisha mbegu.

Wakanada ndio walioongoza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walilima rapa ili kupata kilainishi cha mitambo ya meli, kazi ambayo asidi eruki huiweza vyema kwa kuwa mafuta yake hung'ang'ania chuma hata penye mvuke. Baada ya vita walitaka zao hilo liliwe. Mwaka 1963 mtafiti Keith Downey na mwenzake Harvey walieleza mbinu ya kustaajabisha kwa wepesi wake: kukata sehemu ya punje moja na kuipima mafuta, kisha kuipanda sehemu iliyobaki. Punje yenye eruki kidogo ilitambuliwa kabla haijawa mmea, na bado ikaota.

Kwa njia hiyo Downey, na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba, walizalisha rapa mpya. Aina iliyoitwa Tower, ya mwaka 1974, ilikuwa na upungufu wa eruki na wa glukosinolati kwa pamoja. Mwaka 1978 zao hilo lilipewa jina la kanola, na leo hulimwa hata Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Haradali ilichelewa. Brassica juncea imebeba jeni ya FAE1 mara mbili, kwa kuwa imezaliwa na mimea miwili tofauti, na zote mbili lazima zinyamazishwe. Mbegu za kwanza za haradali zisizo na eruki zilitangazwa Australia mwaka 1981. India, ambayo ndiyo yenye walaji wengi, ilitoa baadaye aina ya Pusa Mustard 30, na mwaka 2016 ikatoa Pusa Double Zero Mustard 31.

Tofauti ya hizo mbili inafaa kujulikana. Ya pili imepunguzwa eruki na glukosinolati vilevile, hivyo mashudu yake ni chakula kizuri cha kuku na ng'ombe, lakini mafuta yake hayana ule ukali unaopendwa Bengal na Punjab. Ya kwanza imepunguzwa eruki tu, na ukali wake umebaki. Mafuta makali, yenye harufu ya nyumbani, na bado halali kuliwa Birmingham yanawezekana kabisa. Kinachokosekana ni wingi wake.

Mkulima mdogo ana kikwazo kingine. Kiasi cha eruki huamuliwa na kiini cha punje yenyewe, ambacho nusu yake hutoka kwa chavua. Nyuki akitoka shamba la jirani lenye haradali ya zamani, punje zinazozaliwa katika shamba jipya huanza kupata eruki msimu uleule. Pale ambapo vishamba vinapakana, kama ilivyo sehemu kubwa ya India, usafi wa mbegu hudumu tu kwa makubaliano ya kijiji kizima.

Haradali ya Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ina haradali yake, ingawa wachache huiita hivyo. Ni Brassica carinata, iliyotokea nyanda za juu za Ethiopia, ambako huitwa gomenzer. Kaskazini mwa Tanzania huitwa loshuu, na kwingineko figiri. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Nagaharu U alionyesha kuwa mmea huo ni mtoto wa haradali nyeusi na spishi inayozaa kabichi na sukuma wiki.

Watu wa eneo hili hula majani yake, na majani hayana tatizo la eruki, kwani asidi hiyo hukaa ndani ya mbegu. Waethiopia husaga mbegu na kupaka kikaango cha udongo ili injera isigande. Mafuta ya mbegu hizo yana eruki takriban asilimia 40, kiasi ambacho kingeyafungia njia katika soko la chakula la Ulaya.

Viwanda, kwa upande wao, huitafuta asidi hiyo. Kutokana nayo hutengenezwa kiini kinachofanya mifuko ya plastiki iteleze na isigandamane, na Uingereza yenyewe hulima rapa yenye eruki nyingi kwa ajili hiyo. Mwezi Oktoba 2012 ndege ya Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada iliruka kwa mafuta yaliyotokana na carinata pekee. Januari 2018 ndege ya shirika la Qantas ilitoka Los Angeles hadi Melbourne ikiwa na mchanganyiko wenye asilimia 10 ya mafuta hayo.

Dukani

Mnunuzi anayetaka kupikia haradali nchini Uingereza anapaswa kutafuta chupa iliyoandikwa wazi kuwa ni chakula, yenye maelezo ya virutubisho na kiwango cha asidi eruki kisichozidi asilimia 5. Maneno kama 'safi' au 'ya kukamuliwa baridi' hueleza namna ya kukamua tu, hayaelezi mbegu.

Chupa isiyo na lebo yoyote ni hatari ya namna nyingine. Mwaka 1998 mjini Delhi zaidi ya watu 60 walikufa baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganywa na ya Argemone mexicana, mmea wenye miiba na maua ya njano ambao mbegu zake hufanana na haradali. Sumu yake hujaza mwili maji na kuudhoofisha moyo. Asidi eruki haikuhusika na vifo hivyo, na baada ya msiba huo uuzaji wa mafuta ya haradali yasiyofungwa ulipigwa marufuku.